Mikoko ya Rangi za Mafuta na Kopo la Tinna

Ndugu zangu wachoraji, asalaam aleikum na habari za jioni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka makopo yaondoke mezani: mtu hawezi kuchora mikoko kwa nia ya kuitetea, halafu jioni akaoshea brashi kwenye tinna, kile kiyeyusho cha rangi, na kuimwaga mtaroni. Mtaro wa mji wa pwani unaishia wapi? Unaishia kwenye hori ileile, mkono wa bahari aliouchora asubuhi.

Hebu mtazameni mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Mizizi yake ya kupumulia inachomoza kwenye tope, myembamba kama penseli, mamia kwa mamia kuuzunguka mti mmoja. Kwenye ganda la kila mzizi kuna vitundu vidogo sana. Maji yakipwa, hewa huingia kwa vitundu hivyo na kushuka hadi kwenye mizizi iliyofukiwa, kwa sababu tope lenyewe halina hewa. Mafuta yakitanda juu yake, mti unakosa pumzi, majani yanapukutika na mti unafia pale pale umesimama. Wazee wa Mombasa wanaikumbuka hori ya Makupa, mwaka 1988, mafuta ya tangi yalipomwagika na mikoko ikateketea.

Najua mtu atasema: kopo langu ni dogo, meli ya mafuta ndiyo yenye makosa. Ni kweli, kopo moja haliui msitu, na sijawahi kusema linaua. Lakini meli huiongozi wewe, kopo unaliongoza wewe. Tena, kabla tinna haijafika baharini imeshapita kifuani mwako. Chumba kimefungwa madirisha, kopo liko wazi kutwa nzima, halafu tunashangaa kichwa kinauma na macho yanawasha. Wengine mnatumia mafuta ya taa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hayo ni mabaya zaidi kwa picha: hukauka polepole, huacha utando, na rangi ya juu yake haishiki vizuri.

Basi brashi isafishwe hivi. Kwanza kisu: kwangua paleti, rangi iliyobaki iweke kwenye kifuniko cha bati ikauke iwe ngumu. Pili kitambaa: futa brashi kuanzia kwenye bati linaloshika nywele kuelekea nchani, geuza kitambaa, futa tena, mpaka kisichukue rangi. Hapa ndipo watu wanapokosa subira, na hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa sababu sehemu kubwa ya rangi hutoka kwa kufuta tu. Tatu, chovya brashi kwenye mafuta kidogo, kijiko kimoja cha chakula kinatosha brashi tano au sita. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, ni bora, ya alizeti yanafaa. Kanda nywele, futa, rudia mara moja. Nne, sabuni ya kipande: lowesha brashi, isugue juu ya sabuni, suuza kwenye beseni, endelea mpaka povu liwe jeupe. Hatua hii usiiruke. Alizeti hukauka kwa shida. Ikibaki kwenye nywele itaingia kwenye picha ya kesho, na utakuwa na sehemu inayonata miezi mitatu ukidhani rangi ni mbovu.

Maji ya beseni yaache kwenye ndoo usiku kucha. Rangi hutuama chini. Maji ya juu mwaga kwenye udongo mkavu ulio mbali na kisima, masimbi ya chini yaanike juani kwenye kopo kuukuu, kisha yachanganye na zile rangi kavu za paleti na ufunge kopo. Kadimiamu na shaba zilizomo kwenye baadhi ya rangi ni sumu kwa viumbe wa majini, na moshi na vumbi lake ni sumu kwako, kwa hiyo usizichome wala usizipige msasa zikiwa kavu. Na kama una tinna ya zamani, usiitupe. Iache itulie kwenye chupa ya glasi iliyofungwa, siku mbili tatu itakuwa safi juu, imimine kwenye chupa nyingine uitumie tena.

Vitambaa navyo! Linsidi haikauki kama maji yanavyokauka. Inakunywa oksijeni ya hewani, na katika kuinywa inatoa joto. Kitambaa kilichokunjwamana ndani ya pipa la takataka hakina pa kutolea joto hilo, na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze kwenye kamba nje, kimoja kimoja, au kizamishe kwenye maji ndani ya bati lenye kifuniko.

Swali linalofuata nalijua: bila tinna, tabaka la kwanza nitalifanyaje jepesi? Chukua rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, itandaze kwa brashi ngumu ya manyoya ya nguruwe, kisha ivute kwa kitambaa kikavu mpaka uone ubao kwa chini. Usitie mafuta. Tabaka la pili tia tone, la tatu zaidi kidogo. Mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda juu, kamwe yasipungue. Ukigeuza utaratibu, tabaka la juu litakauka kwanza wakati la chini bado linatembea, na picha itapasuka. Kahawia ya amba hukauka siku moja au mbili, nyeupe ya titani na nyeusi huchelewa sana. Kwa hiyo tope la mikoko lisianze kwa nyeusi nzito. Wala tope si jeusi: maji yakipwa huwa na ngozi inayong'aa ya buluu ya kijivu, kwa sababu linabeba mbingu.

Turudi nyuma kidogo, kwenye ubao wenyewe. Watu wanapaka rangi ya ukutani kama msingi. Ile ina chokaa nyingi, inanyonya mafuta yote ya rangi, picha inafifia na kuanza kubanduka vumbi vumbi. Nunua praima ya akriliki, paka mikono mitatu, msasa mwepesi kati ya mkono na mkono, kisha subiri siku tatu. Plaiwudi ipakwe pande zote mbili, la sivyo unyevu wa pwani utaipinda. Na msipake rangi za mafuta juu ya ile rangi ya kung'aa ya makopo. Edward Saidi Tingatinga na wenzake waliitumia Dar es Salaam juu ya hadibodi, na kazi zao zinadumu kwa sababu ni rangi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukichanganya, ya juu haina pa kujishikilia.

Sasa kwenda kuchora huko huko. Mwangalieni mwezi kabla ya kuangalia rangi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu ya Mombasa na Unguja maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Maana yake ukifika saa moja una saa tatu za maji yanayotoka pamoja na mwanga mzuri wa ubavuni. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo ni kinyume: asubuhi unakuta yamejaa, mizizi huioni. Muulizeni mvuvi yeyote.

Ubao uwe mdogo, sentimita 20 kwa 25. Nyuma yake andika tarehe, mwandamo wa mwezi, upepo kama ni kusi au kaskazi, na aina ya mti. Mchoraji Mwingereza John Constable alifanya hivyo kule Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, akichora mawingu kwa rangi za mafuta juu ya karatasi: saa, upepo, hali ya hewa, vyote nyuma ya picha. Aina ya mti nasisitiza, kwa sababu kila picha ninayoletewa ina mizizi ya matao, kana kwamba msitu mzima ni ule mti mmoja unaoitwa mkoko hasa. Mlilana ndio unaokaa mbele kuelekea bahari, na hauna matao. Mkandaa una umbo lake. Msitu usioujua utautetea vipi?

Wapo wanaosema picha haijawahi kuokoa kitu. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na msafara wa mwanajiolojia Hayden kwenda Yellowstone, Marekani. Michoro yake ya rangi za maji, pamoja na picha za kamera za William Henry Jackson, zilionyeshwa kwa wabunge, na Machi 1872 sheria ya hifadhi ikapitishwa. Ile picha kubwa ya mafuta iliyonunuliwa na Bunge kwa dola 10,000 ilikuja baada ya sheria. Kilichofanya kazi ni michoro midogo iliyofanywa mahali penyewe, sahihi, mwamba kwa mwamba. Kasoro ilikuwepo pia: wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi na kuwinda kule hawakupewa nafasi yao. Kwa hiyo ukichora hori, mchore na mama anayeokota chaza na kijana anayevua kaa. Wamo humo.

Muda umekwisha, nakimbia. Safari ya ndege: tinna hairuhusiwi, rangi za tyubu za mafuta ya mimea kwa kawaida zinaruhusiwa kwenye mzigo wa chini, lakini beba karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha joto la kuwaka. Picha mbichi mbili zifunge uso kwa uso, vipande vya koki kwenye pembe nne, kamba juu yake. Vanishi, subiri miezi sita hata mwaka. Ukutani, acha nafasi nyuma ya fremu hewa ipite, kuvu hawapendi hewa.

Mabeseni yako pale nyuma, sabuni zipo. Kila mtu na brashi yake.