Taa Kwanza, Paneli Baadaye: Namna ya Kupunguza Gharama ya Umeme Nyumbani

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana mliofika, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kuketi nami hapa Nakuru ili tuzungumzie jambo linalogusa mfuko wa kila mmoja wetu.

Kaunti yetu imekalia hazina ya nishati. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na leo mvuke huo ni miongoni mwa nguzo kuu za umeme wa nchi nzima. Hata hivyo, mwenye nyumba aliye hatua chache kutoka visima vya mvuke hununua tokeni za umeme kwa viwango vile vile anavyotozwa mtu wa Busia au Lamu. Kuwa jirani na mtambo hakutupunguzii chochote. Kinachoweza kutupunguzia ni mambo tunayoyafanya ndani ya nyumba zetu wenyewe, na utaratibu tunaoufuata tunapoyafanya. Nalisisitiza hilo la utaratibu kwa sababu nimeona familia nyingi zikikimbilia kununua sola ilhali taa zenyewe zinakula umeme ovyo. Kila wati unayoiondoa kwenye taa ni sehemu ya paneli na ya betri ambayo hutalazimika kuinunua.

Natuchukue nyumba yenye balbu sita za zamani, zile za uzi unaowaka ndani ya kioo, kila moja ikiwa ya wati 60, na tuseme zinawaka saa tano kila jioni. Sita mara 60 mara tano ni wati-saa 1,800, yaani uniti 1.8 (uniti moja ni wati-saa 1,000) kwa usiku mmoja na uniti 54 kwa mwezi. Balbu ya namna hiyo hugeuza karibu asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga, na zilizosalia zote huwa joto, jambo ambalo utalithibitisha ukiigusa baada ya dakika chache. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaolingana nayo, takribani lumeni 800, lumeni zikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Ukibadilisha zote sita, matumizi ya mwezi hushuka kutoka uniti 54 hadi uniti nane na kidogo.

Faida haiishii kwenye uniti hizo 46 zilizookolewa. Katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, watumiaji wa nyumbani waligawanywa katika madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100, na kila anayepanda daraja hulipa zaidi kwa kila uniti. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 120 itashuka hadi 74 kwa kubadilisha taa peke yake, na hivyo kuondoka katika daraja ghali kabisa. Tena gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni na kodi huongezeka kadiri uniti zinavyoongezeka, kwa hiyo uniti usiyoitumia hukuondolea na hayo yanayoiandama.

Mnaponunua LED, someni lumeni zilizoandikwa kwenye kasha, msisome wati pekee, na mchague yenye dhamana ya maandishi. Adui wa balbu hizi ni joto linalokusanyika shingoni, mahali pa ule mzunguko mdogo unaoiendesha. Ukiifungia ndani ya kombe la kioo lisilopitisha hewa, itakufa mapema hata kama ni nzuri. Taa ya nje inayokesha saa 12 iwekewe kihisi ili iwake pale tu mtu anapopita.

Kuna pia nyumba zinazowasha taa adhuhuri, hasa vyumba vya mabati vilivyobanana kama vya Manyatta na Nyalenda kule Kisumu. Mwaka 2002, makanika wa Brazil aitwaye Alfredo Moser alibuni dawa yake: chupa ya plastiki ya lita mbili, angavu, iliyojazwa maji safi na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili kuvu isiote. Bati hutobolewa tundu linaloibana chupa barabara, nusu ikabaki juu ya paa na nusu ikaning'inia chumbani, kisha ukingo wote huzibwa kwa gundi ya paa. Jua linapoigonga, maji hutawanya mwanga pande zote za chumba, nao hulingana na balbu ya wati 40 hadi 60 bila hata senti moja ya tokeni. Zibeni ule ukingo kwa uangalifu mkubwa, kwa maana mvua ya Kisumu haisamehe tundu.

Sasa tukija kwenye sola, zile taa sita za LED zinahitaji wati-saa 270 kwa usiku. Paneli ya wati 100, katika eneo letu lililo karibu na ikweta, inaweza kutoa wati-saa 350 hivi kwa siku ya jua zuri baada ya kuondoa upotevu wa njiani. Paneli moja inatosha. Kwa zile balbu za zamani ungehitaji zaidi ya wati 500 za paneli na betri kubwa zaidi ya mara sita. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo hapa ya volti 12 na ampea-saa 50 ndiyo ya chini kabisa, na msimu wa masika bado utahitaji tokeni za akiba. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe, na isifikiwe na kivuli: tawi moja la mwembe likifunika seli chache, yaani vile vipande vidogo vinavyozalisha umeme, umeme wa paneli nzima hupungua vibaya, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfuatano.

Wapo wanaoniuliza juu ya kinu cha upepo cha kujitengenezea. Siwashauri kwa nyumba za mjini. Kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu yake hubaki sehemu moja kati ya nane, na katikati ya majengo upepo huwa dhaifu na wa kuyumbayumba.

Kazi ya kupasha joto msiipe sola ndogo. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikitumika dakika kumi hula umeme ambao ungewasha balbu moja ya wati 9 kwa saa zaidi ya 90. Pipa lililopakwa rangi nyeusi, likalazwa ndani ya sanduku lenye kioo juu na kuzungushiwa kitu cha kuhifadhi joto, litawapa maji ya kuoga jioni. Na mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini anaweza kupikia gesi ya samadi.

La mwisho ni usalama. Betri ya asidi hutoa hewa inayolipuka, basi isiwekwe chumba cha kulala, na fyuzi iwe karibu kabisa na ncha yake chanya. Msiunganishe inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa mtaani, na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia inayotenga kabisa njia ya mtaani, kwa sababu umeme wenu ukirudi kwenye nguzo unaweza kumuua fundi anayeamini laini imezimwa. Kazi hiyo mpeni fundi mwenye leseni ya sola, na kabla hajaanza mwombeni awaonyeshe leseni yenyewe. Sasa nakaribisha maswali.