Seli kwenye sakafu ya darasa

KAKA: Hamjambo wasikilizaji, mlioko Jinja, Mbale, Gulu, Arua na kwingineko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Dada aliye nami hapa anafundisha biolojia shule hiyo hiyo, upande huu wa Jinja. Wiki iliyopita nilipita kwenye darasa lake la kidato cha kwanza. Madawati yamesukumwa ukutani, kamba za mgomba zimezungushwa sakafuni, na watoto wawili wamesimama penye mwanya wa kamba. Nikataka kuingia, wakanikatalia. Dada, tuanzie hapo. Nilikosa nini?

DADA: Hukukosa kitu, ila hukuwa na kibali. Sakafu yote ilikuwa seli moja, ile chembe ndogo hai inayojenga mwili. Ile kamba ni utando wa seli, yaani ngozi yake, na wale wawili ni protini za mlangoni. Utando ni tabaka mbili za mafuta. Oksijeni inapenya yenyewe bila kumwomba mtu. Glukosi haiwezi, lazima ipite mlango wake. Sasa wewe ulikuja na chaki na daftari mkononi, wakakuangalia, wakaona huingii.

KAKA: Na humo ndani kila kikundi kilikuwa oganeli moja. Kwa msikilizaji ambaye shule ameiacha zamani: oganeli ni viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, kama vile moyo na ini vilivyomo mwilini.

DADA: Kila kikundi oganeli moja. Watoto sabini, vikundi kumi. Sharti la kwanza, hakuna kununua chochote. Sharti la pili ndilo gumu: oganeli yako lazima ifanye kazi mbele yetu. Haitoshi ifanane na picha ya kitabuni.

KAKA: Hilo la kutonunua limetoka wapi?

DADA: Limetoka kwenye uchungu, Kaka. Mtaala huu mpya wa sekondari hapa Uganda ulianza na kidato cha kwanza mwaka 2020, na mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ukafanywa 2024. Kazi ya mwaka mzima, pamoja na miradi, inachangia alama 20 kwa 100. Ni jambo zuri. Lakini katika shule moja niliyofundisha zamani, niliwaambia watoto walete mfano wa seli. Wakaleta maboya meupe yaliyopakwa rangi, mengine yamechongwa na fundi mjini kwa pesa ya mzazi. Mazuri kweli kweli. Nikamuuliza mtoto, hiki cha rangi ya machungwa kinafanya nini? Akanisomea kibandiko: mitokondria. Nikauliza tena, kinafanya nini? Akanisomea kibandiko tena. Na yule ambaye mama yake hakuwa na pesa alikaa nyuma mikono mitupu, aibu imemjaa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikajua nimewaonea wote wawili.

KAKA: Pole, Dada. Na mimi kama mtu wa lugha nilifurahi nilipoona Kiswahili hapa kinatusaidia. Oganeli inayotunza maagizo ya seli tunaiita kiini, na mtoto anajua kiini cha habari, kiini cha jambo. Anaelewa mara moja.

DADA: Lakini lugha hiyo hiyo imenitega! Mtoto anajua pia kiini cha yai, ile sehemu ya njano. Kikundi cha kiini kikaja na yai la kuchemsha lililokatwa katikati, wakasema mwalimu, tumemaliza, seli hii hapa na kiini chake kile. Ikabidi tukae chini. Ile njano karibu yote ni chakula cha kifaranga, na yenyewe ndiyo seli ya yai. Kiini chake cha kibiolojia kimo ndani ya lile doa dogo jeupe unaloliona juu ya njano ukipasua yai bichi. Kwa hiyo kiini cha yai sicho kiini cha seli.

KAKA: Hilo sikulijua hata mimi. Nitaanza kulisema darasani kwangu.

DADA: Liseme, maana sisi tunaosoma sayansi kwa Kiingereza na kuzungumza lugha nyingine nyumbani, makosa ya namna hii yanajificha katikati ya lugha na hakuna anayeyaona.

KAKA: Haya, tuingie kwenye mitokondria. Nilisikia makelele ya maji.

DADA: Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kila kitabu kinasema mitokondria ni nyumba ya umeme ya seli. Mtoto anakariri, anapata alama, hajui maana. Lakini sisi tuko Jinja! Bwawa la Nalubaale lipo hapo tangu 1954. Nikawauliza, umeme pale unatokaje? Wakasema maji yanazungusha mitambo. Nikawaambia, basi nitengenezeeni hiyo. Wakachukua sahani ya plastiki, wakaikata mapanga-mapanga, wakaipitisha kwenye njiti ya baiskeli. Wakaiweka ndani ya beseni lililojaa maji. Haikuzunguka.

KAKA: Kwa nini?

DADA: Nami niliwauliza hivyo nikanyamaza, karibu robo saa. Mwishowe binti mmoja akasema, maji ya huku na ya kule yako usawa mmoja. Hayana pa kwenda. Wakatafuta chupa, wakaitoboa chini, wakaiinua juu ya dawati. Sahani ikazunguka mpaka ikawarushia maji usoni. Sasa nikawaambia: mitokondria ina utando wa ndani, na huo ndio ukuta wa bwawa. Chakula ulichokula kinatumika kusukuma protoni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ziende upande mmoja wa ukuta, zirundikane. Njia yao kubwa ya kurudi ni kupitia kimtambo cha protini kilichochomekwa kwenye ukuta huo. Nacho kinazunguka, Kaka. Sisemi kwa mfano, kinazunguka kweli, na kila mzunguko kinatengeneza molekuli tatu za ATP, ambayo ndiyo nguvu inayotumika mwilini.

KAKA: Ngoja. Ndani yangu mimi, sasa hivi, kuna vitu vinazunguka?

DADA: Hata hapo ulipokaa. Mwanasayansi Mwingereza Peter Mitchell alitoa wazo la protoni kurundikana mwaka 1961, wenzake wengi wakalikataa kwa miaka. Akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Nawaambia wanafunzi wangu, mtu mzima na elimu yake alikataliwa wazo ambalo ninyi mmelipata kwa beseni.

KAKA: Lakini nilisikia ukiwauliza, mfano wenu unavunjikia wapi?

DADA: Nauliza kila kikundi. Mfano usipojua mahali unapovunjikia utakudanganya. Kikundi cha mitokondria wakasema: maji ya Nile yakishapita Nalubaale yanakwenda zake Misri, hayarudi. Protoni zinarudishwa na kusukumwa tena. Nikafurahi, nikataka kuendelea. Kijana mmoja akainua mkono: mwalimu, si yanarudi? Jua linayapandisha, yanakuwa mvua, ziwa linajaa. Basi jua ndilo pampu. Na chakula nacho kimetoka kwenye jua.

KAKA: Mtoto wa kidato cha kwanza.

DADA: Kidato cha kwanza. Nilikaa kimya. Sikuwa na la kuongeza.

KAKA: Wale wa kloroplasti je, oganeli ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua? Niliona majani ya mwembe.

DADA: Wale walikuwa wakali. Hawakutaka mitokondria kwenye upande wao, wakisema mmea una kloroplasti, unatosha. Kosa hilo nalikuta kwenye karatasi za mitihani kila mwaka. Nikawauliza maswali mawili tu. Usiku mmea unaishije? Na mizizi ya mgomba iliyo gizani ardhini, ina kloroplasti gani? Wakaondoka wenyewe kwenda kuomba mitokondria kwa jirani. Halafu tukachukua matoke mabichi, tukaparuza kidogo kwenye kioo, tukadondosha iodini. Kwenye hadubini yetu moja wakapanga foleni kuona punje za wanga zimekuwa nyeusi za kibuluu, zimejaa ndani ya seli. Ndizi ya bogoya iliyoiva, punje chache mno, kwa kuwa wanga umegeuka sukari. Kila mtu alikuwa anajua bogoya ni tamu, sasa wameona sababu.

KAKA: Dada, kuna jambo ulinieleza tukiwa tunakunywa chai, la kikundi cha kiini. Ukiona sawa, lieleze.

DADA: Nitalieleza bila kumtaja mtoto. Baada ya lile yai, kikundi cha kiini kilitengeneza kitabu kikubwa cha makaratasi ya maboksi. Ndicho DNA, yale maagizo ya kurithi. Kanuni ni kwamba kitabu hakitoki nje ya kiini. Anayetaka kutengeneza protini anakuja, ananakili ukurasa mmoja, anapeleka nakala kwa ribosomu, oganeli inayounganisha protini. Ribosomu walikuwa wasichana wawili waliokuwa wakitunga shanga za mbegu kwenye uzi kufuata nakala: harage, karanga, harage, mbegu ya fenesi. Kila mbegu ni asidi amino, yaani kipande kimoja cha protini. Nikawaambia, leo tunatengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mnyororo wake mmoja una asidi amino 146. Hatukutunga zote, tulitunga kumi. Kisha nikabadilisha herufi moja tu kitabuni, na mbegu ya sita ikatoka nyingine.

KAKA: Mbegu moja.

DADA: Moja kati ya 146, na hiyo ndiyo selimundu, huu ugonjwa tunaouita siko seli. Hemoglobini ikishaachia oksijeni inashikana, chembe ya damu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na yale maumivu yanaanza. Darasa likanyamaza. Kijana mmoja akasema mdogo wake anao. Akasema nyumbani mama amekuwa akilaumiwa, kwamba ugonjwa umetoka ukoo wake. Kisha akatazama kile kitabu, akauliza: mwalimu, kiini kina kitabu kimoja au viwili?

KAKA: Ee Mungu.

DADA: Nikamwambia ni viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Na ili mtoto augue namna hii, kosa lazima liwe kwenye vyote viwili. Mwenye kosa kwenye kimoja tu kwa kawaida haugui, tena analindwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana jambo hili limeenea sana kwenye nchi zetu za malaria. Kikundi cha kiini hakikusubiri niwaambie. Walichukua boksi lingine wakaanza kukata kitabu cha pili. Yule kijana akaenda kuwasaidia.

KAKA: Alisema chochote nyumbani?

DADA: Sikumuuliza, Kaka. Niliona akinakili ule mchoro kwenye daftari, na akaandika "baba" na "mama" kwa herufi kubwa.

KAKA: Nilitaka kukuuliza pia juu ya lisosomu. Nilipopita walikuwa wamenuna.

DADA: Walinuna tangu siku ya kwanza. Wenzao wana bwawa, wana kitabu, wao wamepewa takataka. Lisosomu inavunjavunja vilivyochakaa. Wakakaa pembeni na ndoo yao. Basi siku ya mwisho tulifuata chembe nyekundu ya damu. Ikikomaa inatupa kiini chake nje, na mitokondria pia haina. Inabeba oksijeni siku nzima na yenyewe haiitumii. Watoto wakashangaa. Mmoja akauliza, kama haina kitabu, ikiharibika inajitengenezaje?

KAKA: Inajitengenezaje?

DADA: Haijitengenezi. Inaishi kama siku 120, ile iliyopinda haifikishi hata theluthi ya hizo, kisha inamezwa. Kwenye bandama, hasa, na ini pia. Seli nyingine inaimeza nzima, na kazi ya kuivunja ndani ya seli hiyo ni ya nani?

KAKA: Ya lisosomu!

DADA: Walisimama wote saba na ndoo yao. Nikawaambia msimwage, humo mna madini ya chuma. Yanatolewa, yanarudishwa kwenye uboho wa mifupa, yanatengeneza damu mpya. Msichana mmoja akasema, mwalimu, baba yangu ananunua vyuma chakavu. Akaichukua ile ndoo, akavuka sakafu nzima, akapita mlangoni kwa wale walinzi wawili, nao wakampisha.