Theluji ya Kibo na Chapati ya Jana

Shikamooni wazee. Wagumu wenzangu, wabeba mizigo wa Kilimanjaro, karibuni. Moshi yote inanyesha na bado mmejaa ukumbi.

Tazameni sinia hili. Nimemwaga sukari, juu nimelaza chapati ya jana, imekauka. Nainua upande mmoja taratibu... bado... bado... Mmeona? Haikumeguka. Imeteleza nzima nzima. Hivyo ndivyo poromoko la theluji linavyoua watu huko milima ya Alps, Ulaya. Theluji ya chini imegeuka chembechembe zisizoshikana, ya juu imegandamana ikawa bamba. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio mbaya. Ulio mkali zaidi haukusanyi, theluji humwagika kidogo kidogo. Na mara nyingi anayeliachia bamba ni mpandaji mwenyewe, kwa uzito wake tu. Akifukiwa, wenzake wana kama robo saa kumfukua akiwa hai. Ndiyo maana kule kila mtu hubeba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi.

Mteja mmoja aliniuliza pale kambi ya Barafu, Aprili, theluji magotini: haya yapo hapa? Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Kweli, theluji yetu jua huila ndani ya siku chache, hairundikani miezi. Ila Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaporomosha mawe.

Januari 2006, pale Western Breach, njia ya kupandia ukuta wa magharibi wa Kibo, mawe yaliua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda. Ukuta ule umeshikwa na barafu kama tofali na saruji. Maji huingia kwenye ufa mchana, usiku yakiganda yanatanuka na kulisukuma jiwe, lakini yanalishika palepale. Jua likipiga, saruji imeyeyuka. Na barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, kwa hiyo mawe yaliyokuwa yamefunikwa sasa yako wazi.

Basi kutoka Arrow Glacier, kambi iliyo chini ya ukuta huo, tunaondoka usiku wa manane, helmeti kichwani tangu kwenye hema. Mgumu naye avae, asiachiwe kofia ya sufu huku mteja ana helmeti. Hilo linaniudhi sana. Mapumziko ya picha hayapo katikati ya mkondo wa mawe. Mkisikia kokoto zinateremka, msikimbie ovyo: tazameni juu kwanza, mjue jiwe linakuja upande gani.

Mkichelewa, jua likagusa ukuta mngali chini, geuzeni. Rudini Lava Tower, mshuke kambi ya Barranco, mzungukie Barafu. Mteja atanuna siku mbili, na bakshishi huenda ikapungua.