Kamba Moja, Pembetatu Tatu

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele, ahsanteni kwa kuja Ngomeni, hapa Lamu, jioni hii.

Kamba hii ni ya usumba. Nimeipiga mafundo 12, shibiri moja kati ya fundo na fundo, kisha nikaunga ncha zake. Nataka watoto watatu. Kila mmoja ashike fundo lake, mvute mpaka kamba ikazike. Sharti ni moja: pembe zikae kwenye mafundo. Je, tutapata pembetatu ngapi zisizofanana?

Nasikia kumi, nasikia ishirini. Ni tatu tu. Upande mmoja hauwezi kufika shibiri 6, maana pande mbili zitakazobaki zitakuwa na jumla ya 6 vilevile. Zitalala juu yake na umbo litakuwa mstari. Upande mrefu ukiwa 3, kamba itabaki, kwani 3 mara tatu ni 9. Basi ni 5 au 4. Ukiwa 5, zinabaki 7: ama 5 na 2, ama 4 na 3. Ukiwa 4, zote ni 4.

Haya, vuteni. 4, 4, 4: pembetatu sawa. 5, 5, 2: pembetatu pacha, imechongoka kama kichwa cha mkuki. 3, 4, 5: pembetatu guni, hakuna upande uliolingana na mwenziwe. Washairi mlioko hapa mnalijua neno hilo. Shairi likikosa vina au mizani mnaliita guni. Lakini pembetatu guni haina dosari. Litazameni tanga la mashua: upande wa foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ndio mrefu, na mbili nyingine hazilingani. Na hii ya 3, 4, 5 ina pembe mraba, ndiyo fundi anayoitumia kunyoosha kona ya msingi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Sisi hapa Lamu tumezoea kupanga miti ya mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mti ukishakuwa boriti, si pau tena. Je, pembetatu nazo ziko hivyo? Nikiwa darasa la sita niliandika kwamba pembetatu sawa ni pacha pia, nikatiwa kosa kwa wino mwekundu. Niliumia sana. Mwalimu wangu hakuzua: Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 KK, alisema pacha ni ile yenye pande mbili tu zinazolingana. Wanahisabati wengi wa leo husema angalau mbili, nami nasimama nao.

Katika pacha, pembe zinazokabili pande zilizolingana hulingana pia. Ukikubali kwamba sawa ni pacha, huhitaji uthibitisho mwingine kwamba pembe zake zote tatu zinalingana. Chukua pande za kushoto na kulia: pembe mbili za chini zinalingana. Chukua jozi nyingine: pembe ya juu nayo inalingana na mmojawapo wa wenzake hao. Zote tatu basi ni sawa, jumla ni nyuzi 180, kila moja nyuzi 60.

Rudisheni ile ya 4, 4, 4. Mwanangu uliyeshika fundo la juu, badilishana nafasi na mwenzako wa kushoto, msiachie kamba. Tazameni nyote kama umbo limebadilika.