Mwanamke Nyuma ya Karatasi

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Nimealikwa nizungumzie hadithi za kutisha zilizoandikwa na wanawake. Popobawa leo tumpumzishe. Nawapeleka chumba kimoja tu, ghorofani, huko Marekani.

Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alijifungua binti mwaka 1885, akashikwa na huzuni isiyomtoka. Mwaka 1887 alikwenda Philadelphia kwa daktari bingwa, Silas Weir Mitchell. Tiba yake ilikuwa kulala na kulishwa anenepe. Siku ya kuruhusiwa akapewa masharti: shughuli za akili zisizidi saa mbili kwa siku, na kalamu asiiguse maisha yake yote. Alitii kama miezi mitatu hivi, akakaribia kurukwa na akili. Kisha akaishika kalamu, na Januari 1892 ikatoka hadithi yake fupi "The Yellow Wallpaper", yaani karatasi ya manjano ya ukutani.

Mume humo ndani ni daktari pia, jina lake John. Hapigi wala hafoki. Anambeba mkewe hadi kitandani na kumsomea. Madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na mke huandika kwa kujificha. Sasa sikilizeni anachoandika: wakati mwingine namkasirikia John bila sababu, nadhani ni huu ugonjwa wangu wa neva.

Nirudie? Hasira yake mwenyewe ameipa jina la ugonjwa. Mimi nywele zilinisimama hapo, kabla hata hajaanza kumwona mwanamke nyuma ya karatasi ya manjano ukutani, akiitikisa, akitaka kutoka.

Sisi watu wa pwani tunaijua sauti inayotokea kwingine. Mwenye pepo tunamwita kiti, maana amekaliwa. Uvumba unafukizwa, ngoma inapigwa, na mke ambaye jana alijibu "ndiyo, baba fulani" leo ananguruma kwa sauti ya kiume. Fundi anamuuliza: wewe nani? Unataka nini? Anataka kanga mpya, pete ya fedha, marashi. Mume aliyekuwa hana pesa tangu mfungo mosi anazipata kabla ya magharibi. (Sisemi pepo ni uongo. Bibi yangu angefufuka.) Ninachosema ni kwamba pepo huulizwa.

Mke wa John haulizwi. Akisema tuondoke nyumba hii, anaambiwa anaendelea vizuri, anaongezeka uzito. Kwa hiyo anajifungia, ufunguo anautupa nje dirishani, na karatasi anaibandua kwa kucha kadiri mkono unavyofika. Nakala ya hadithi Gilman alimpelekea yule bingwa wa Philadelphia. Hakujibu.

John anapofanikiwa kufungua mlango, anamkuta mkewe anatambaa sakafuni, bega likisugua ukuta. Anazimia palepale, njiani mwake. Mke hasimami kumpepea. Anazunguka chumba, na kila akimfikia, anampanda juu, anapita.