Kuhamia Java Mpya Hakuponyi Jar ya Zamani

Leo ni kosa la kompaila ya Java, programu inayogeuza msimbo kuwa faili za klasi, zinazofungwa pamoja kwenye jar. Naomba tuanze na mstari huu, unaoongeza "x" mwishoni mwa stringi (maandishi) iliyo kwenye safu a nafasi ya i, na kusogeza i mbele kwa moja:

a[i++] += "x";

i ni 0, a[0] ina "m", a[1] ina "n". Java inataka a[0] iwe "mx" na i iwe 1. Ukompaili kwa javac, yaani kompaila, ya JDK 9 (JDK ni kifurushi cha zana za Java), iliyotoka 2017, au ya JDK 10: a[0] inakuwa "nx", i inakuwa 2. Wala huoni onyo lolote.

Tangu toleo la 9, stringi haziunganishwi kwa StringBuilder, klasi ya kujengea stringi. Kompaila hutoa agizo la invokedynamic, linaloiachia mashine ya Java namna ya kuunganisha wakati wa kuendesha, likiwa na kiolezo: konstanti "x" imo humo humo, na herufi \1 inashika nafasi ya thamani itakayokuja. Mpango mzuri. Ila kwenye += ya stringi, kompaila ilikokotoa upande wa kushoto mara mbili, kwanza kupata pa kuandika, halafu kupata pa kusoma. Ilitakiwa ikokotoe mara moja, kisha irudufu marejeo ya safu na namba ya nafasi kwa dup2, agizo la kunakili thamani mbili. Kwa s += "x" ya kawaida huoni tofauti, kwa hiyo majaribio yanapita na kosa linabaki.

Sasa kuna wale wa "sisi tuko Java 11, huko walisharekebisha". Mko Java 11 kwa kuendesha! Jar zenu zilikompailiwa kwa toleo gani? Nimelisema sana na leo nalirudia: mashine ya Java inatekeleza baitikodi (maagizo yaliyotolewa na kompaila) iliyopewa, haiisahihishi. Kosa limeandikwa ndani ya faili la klasi. Liendeshe kwenye Java 21, i itaruka mbili vilevile. Kompailini upya, na maktaba mlizopakua zikaguliwe pia. Msiniambie maktaba si zenu. Data inayoharibika ni yenu.

Kukagua si kazi. Endesha javap -c, zana ya kuonyesha baitikodi, kwenye klasi, tafuta makeConcatWithConstants, jina la kiunganishi cha stringi, kisha soma maagizo yaliyo juu yake. Ikiwa i ni kigeu cha ndani ya methodi, hesabu iinc, agizo la kuongeza kigeu: i++ moja, iinc moja. Ukikuta mbili, umeipata.

Mliokwama na JDK 9, ongezeni -XDstringConcat=inline mnapokompaili. --release 8 nayo inarudisha StringBuilder, lakini mtakosa API (klasi na methodi za tayari) za 9.

Maswali?