Kumbikumbi na kobe mwenye mabawa

TAUSI: Mbukwenyi wapendwa! Mazengo, hilo beseni lisogeze mbali na maiki.

MAZENGO: Nimeshalisogeza. Nimebaki na hawa wa kiganjani tu.

TAUSI: Msikilizaji, hicho unachosikia kinatafunwa ni kumbikumbi, nimekuja nao mwenyewe kutoka nyumbani. Jumanne jioni mvua ya kwanza imetupiga Nkuhungu, haikuzidi nusu saa, ikakata. Giza kuingia tu, taa ya barazani ikajaa. Tukazima za ndani, tukatega beseni la maji chini ya ile ya nje.

MAZENGO: Na chumvi umeipatia kwelikweli.

TAUSI: Ngoja kwanza. Mpwa wangu, yule wa darasa la tatu, kazi yake ilikuwa kuokota waliokwisha kudondosha mabawa. Sasa mchana kutwa alikuwa ameshinda kwenye gemu la kaseti, Super Mario Bros. Akainua mmoja akaniuliza, “Shangazi, kwani hawa ni kama yule kobe? Ukimkanyaga mabawa yanatoka, anabaki anatembea.” Nikakosa la kumjibu. Na ndiyo mada tuliyoahidi wiki iliyopita: maadui wa gemu tuwagawe kwa kanuni gani. Kanuni tatu, tulisema.

MAZENGO: Huyo mtoto angeniuliza mimi. Kobe wa kawaida, Koopa Troopa, anatembea; mwenye mabawa, Koopa Paratroopa, anaruka. Hao ni wawili, imeisha.

TAUSI: Haijaisha! Mkanyage Paratroopa mwekundu, anayebaki ni Koopa mwekundu. Wa kijani anabaki wa kijani. Mabawa yametoka, kobe ni yuleyule.

MAZENGO: Rangi umeitaja wewe, dada. Tangu 1985 kobe wa kijani akifika ukingoni haangalii, anaporomoka shimoni. Mwekundu akifika anageuka. Hao nao jamii moja?

TAUSI: Hiyo ni tabia. Nyumba moja ina mtoto mwangalifu na mtoto wa kukurupuka, na mama yao ni mmoja.

MAZENGO: Mimi nikishika padi siulizi mama yake nani. Nauliza nimruke vipi. Adui wa gemu ametengenezwa anizuie nisipite, na anavyonizuia ndivyo alivyo. Ukimpanga kwa ukoo unampanga kwa kitu ambacho mchezaji hakitumii.

TAUSI: Basi niambie Lakitu. Yuko juu ya wingu, anarusha mayai, mayai yanatoka Spiny wenye miiba. Yale mayai unayaweka kundi gani?

MAZENGO: Vitu vya kurushwa, mpaka yaguse chini.

TAUSI: Yai, Mazengo! Ndani mna kiumbe!

MAZENGO: Turudi kwenye beseni.

TAUSI: Usile, jibu.

MAZENGO: Najibu kwa beseni hilihili. Bibi yangu Mvumi akiona mchwa kwenye nguzo ya nyumba anahangaika jinsi ya kuwaua. Akiona kumbikumbi anatafuta kikaango. Kiswahili kimempa kila mmoja jina lake. Hujawahi kukaribishwa mahali ukaambiwa, “Onja mchwa.”

TAUSI: Na wametoka kichuguu kimoja! Malkia yuleyule ndiye aliyetaga yai la mfanyakazi, la askari na la huyu unayemtafuna. Kumbikumbi ni mchwa aliyeota mabawa aende kuzaa. Jikoni tumewapa majina mawili kwa sababu mmoja tunamla na mwingine anakula milango yetu. Hilo linatuhusu sisi, wao haliwahusu.

MAZENGO: Sawa, lakini mpwa wako alikosea, na wewe umemfuata. Kumbikumbi akidondosha mabawa hawi mchwa mfanyakazi. Anapata mwenzake, wanachimba, wanakuwa mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Kobe wako akipoteza mabawa ameshushwa cheo. Kumbikumbi anapanda.

TAUSI: Eeh. Hapo umesema kweli, na nitamwambia mtoto. Lakini cheo kikipanda jamii haibadiliki. Bado ni mchwa.

MAZENGO: Bado nina kikaango.

TAUSI: Kikaango si hoja, kaka.

MAZENGO: Kwangu ni hoja kamili. Kiumbe namjua kwa ninachomfanyia na anachonifanyia. Kwenye gemu ndiyo zaidi, maana kule hakuna malkia wa kuthibitisha ukoo. Kuna anayeruka na asiyeruka.

TAUSI: Kuna mkono wa aliyemchora. Amemwondoa mabawa akatuachia gamba lilelile, rangi ileile. Alitaka tumtambue. Ukisema ni kiumbe mwingine unafuta alichotuonyesha.

MAZENGO: Sifuti. Nasema alituonyesha adui mmoja akimaliza na wa pili akianza.

TAUSI: Hapana.

MAZENGO: Ndiyo.

TAUSI: Tunaonyeshwa vidole viwili. Dakika mbili? Na zile kanuni tatu!

MAZENGO: Hata ya kwanza hatujaitaja.

TAUSI: Ziache. Ila kuna msikilizaji wa Kondoa ameuliza mara tatu kuhusu Dry Bones, yule wa Super Mario Bros. 3, nisiondoke bila kumjibu. Ukimkanyaga anasambaratika, ukigeuka kajikusanya. Mazengo, haraka, kundi gani?

MAZENGO: Rahisi. Hafi kwa kukanyagwa, kwa hiyo ana kundi lake peke yake. Yule ni mifupa.

TAUSI: Mifupa ya nani?

MAZENGO: Dada, muda.

TAUSI: Mifupa ya nani, Mazengo?